Leseni daraja E: mtihani wa lori unaanza gari likiwa bado limezimwa

Minada ya korosho ikikaribia, watu wenye leseni daraja D kutoka Masasi, Tandahimba hadi Nachingwea huanza kuulizia E. Swali ni lile lile: "Gari naliweza, si mtihani tu umebaki?" Wengi kweli gari wanaliweza. Wamezoea Kanta, gia wanapanga bila kukwaruza, na barabara ya Mtwara hadi Mnazi Mmoja ya Lindi wanaijua kona kwa kona. Kinachowaangusha ni mambo ambayo gari dogo halijawahi kuwadai: breki za upepo, urefu wa tela, na uzito unaowasukuma kwa nyuma. Hayo ndiyo tunayoyafundisha chuoni kwetu kwa muda mrefu kuliko yote, na ndiyo tunayoyaeleza hapa.

Kwanza tuweke sawa suala la madaraja, maana watu wanalipia mafunzo yasiyo yao. D inakuruhusu kuendesha magari ya kawaida, lakini haikupi haki ya kushika usukani wa lori zito. E ndiyo ya malori makubwa, pamoja na semi, yaani kichwa cha lori kinachovuta tela. Haikuruhusu kubeba abiria. Mabasi yana C na madaraja yake madogo. Asiye na leseni kabisa anaanzia H, leseni ya kujifunzia. Mtihani unasimamiwa na Polisi wa Usalama Barabarani, leseni inatolewa na TRA. Chuo hakitoi leseni. Chuo kinatoa mafunzo na cheti, basi. Yeyote anayekuahidi leseni mkononi bila kukaa mbele ya mkaguzi anakuuzia matatizo, na siku ya ajali utakuwa peke yako.

Upepo

Breki za gari dogo zinatumia mafuta. Za lori zinatumia upepo uliobanwa na kompresa na kuhifadhiwa kwenye mitungi chini ya chesisi. Ukikanyaga pedali, unaufungulia upepo uende kwenye vyungu vya breki, visukume viatu vya breki vibane ngoma za magurudumu. Handibreki inafanya kazi kinyume chake: ndani ya vyungu vya nyuma kuna springi kali ambayo kazi yake ni kufunga breki muda wote, na upepo ndio unaoizuia. Upepo ukiisha, springi inashinda na gari linajifunga. Ndiyo maana lori lililolala usiku kucha na kuvuja upepo haliondoki asubuhi hadi lijaze. Anayelazimisha kuondoka kabla halijajaa anakwangua viatu na kuchemsha ngoma akiwa bado uwanjani.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, breki zinapimwa kwa utaratibu huu, na mwanafunzi anapaswa kuufanya huku akisema kwa sauti anachokifanya:

Zuia magurudumu kwa kabari. Washa injini, acha ijaze hadi geji ifike karibu bar 8 (geji zinazosoma psi zitaonyesha kati ya 100 na 120). Kompresa ikitosheka utasikia mlio wa upepo ukitoka kwa mkupuo. Huo ni mlio mzuri. Zima injini, achia handibreki, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kwa dakika 1 nzima huku macho yako kwenye geji. Kwa kichwa chenye tela, upepo usishuke zaidi ya takriban bar 0.3. Ukishuka zaidi, kuna mahali panavuja: mara nyingi ni kwenye viungio vya paipu za tela au mpira wa ndani wa chungu cha breki. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini, ukanyage na kuachia pedali mara nyingi. Geji ikishuka hadi bar 4 au 5 hivi, taa nyekundu na king'ora lazima vikuonye. Vikikaa kimya, gari hilo halitoki, hata kama breki zenyewe zinashika vizuri, kwa sababu dereva akiwa barabarani hatajua upepo unamwishia.

Halafu mwaga maji ya mitungi. Huku pwani hewa ina unyevunyevu mwingi, na kompresa inauvuta wote. Chini ya kila mtungi kuna kamba au koki: vuta hadi utoke upepo mkavu. Yakitoka maji machache, ni kawaida. Ikitoka oili nyeusi, kompresa imechoka, na oili hiyo inakula mipira ya valvu.

Kuunga tela

Hapa ndipo haraka inapoua. Utaratibu wake ni mfupi, ila hauna hatua ya kuruka. Hakikisha tela limefungwa breki na limesimama pagumu. Kwenye mchanga wa uwanja wa ghala weka ubao chini ya miguu ya tela, la sivyo inazama. Linganisha kimo: bamba la chini la tela liwe chini kidogo ya sahani ya kichwa (pale tela linapokalia), ili sahani ilinyanyue inapoingia. Likiwa juu mno, pini ya tela inapita juu ya kufuli la sahani na kugonga mgongo wa kichwa. Likiwa chini mno, utaligonga kwa chesisi. Rudi taratibu ukiwa umenyooka hadi usikie kufuli limedaka.

Sasa weka gia ndogo ya mbele na uvute kidogo, breki za tela zikiwa zimefunga. Gari likigoma kwenda, ni dalili nzuri, lakini haitoshi. Funga handibreki, shuka, ingia chini na tochi uangalie kwa macho: kufuli limezunguka pini, mkono wa kufuli umeingia mahali pake, na kati ya sahani na bamba hakuna mwanga unaopenya. Ndipo uunge paipu. Kwenye malori mengi yanayotembea huku, nyekundu inaleta upepo unaofungua breki za tela, na ya njano inapeleka amri ya mguu wako. Ukisahau ya njano, au kuacha koki yake imefungwa, tela litatembea vizuri kabisa, hadi siku utakapohitaji kusimama. Unga waya wa taa, pandisha miguu ya tela hadi juu kabisa, kisha mtu mwingine asimame nyuma akuthibitishie indiketa na taa za breki.

Kukata tela kunafuata njia ya kurudi, na kosa ni moja: kuvuta kufuli kabla ya kushusha miguu. Tela linaanguka kwa pua, na kulinyanyua likiwa na mzigo ni kazi ya kreni.

Kurudi nyuma

Ghala nyingi za vyama vya msingi zina geti jembamba na uwanja usiozidi urefu wa semi yenyewe. Asiyejua kurudi nyuma hapakii, hata akiwa na leseni. Tela linakwenda kinyume na usukani: ukikata kulia, mkia wake unakwenda kushoto. Wanaoanza wanachanganyikiwa hapa. Njia inayosaidia ni kushika usukani kwa chini, upande wa tumbo lako. Ukiushika hapo, mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto.

Tumia gia ya chini kabisa na usikanyage mafuta; injini peke yake inatosha. Kata kidogo, subiri uone tela linajibu, kisha fuata. Mwanafunzi akiona tela limepinda hukata zaidi ili "kulirudisha", na ndani ya mita chache kichwa na tela vimekunjana kama kisu cha kukunja. Ukiona pembe inazidi, usipambane nayo. Simama, songa mbele ujinyooshe, anza upya. Na kila mara chagua kurudi kwa upande wa kulia, ambako wewe dereva unaona tela kwa kioo na kwa kutoa kichwa dirishani. Upande wa kushoto unaona kioo tu, na tela likishaanza kupinda hata hicho kinaonyesha ubavu wa bodi. Kama huna uhakika na kilicho nyuma, shuka ukaangalie. Hakuna mkaguzi mwenye akili atakayekulaumu kwa kushuka.

Mteremko

Tunapafundisha kwa mkazo kwa sababu ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Kutoka Newala kwenda Masasi unashuka ukingo ule ule wa Shimo la Mungu, na malori ya korosho yanashuka yakiwa yamejaa. Breki ya mguu inageuza mwendo kuwa joto. Ngoma ikipata moto sana inatanuka na kuviacha viatu, na viatu vyenyewe vinapoteza ukali wa kushika. Pedali inakuwa ngumu kama kawaida, upepo umejaa, ila gari halipungui. Harufu ya kuungua ni onyo la mapema.

Gia inachaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka. Ukishaanza kushuka na mwendo ukakuzidi, gia ndogo haitaingia, na ukikanyaga klachi unabaki na breki za mguu peke yake. Washa injini breki, ile inayotumia injini yenyewe kupunguza mwendo. Kama mwendo salama wa mteremko huo ni kilomita 40 kwa saa, acha gari lifike 40, kanyaga kwa uthabiti hadi lishuke karibu 30, achia kabisa, ngoja lifike 40 tena. Kuachia huko ndiko kunakozipa ngoma nafasi ya kupoa. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia kunazichemsha, na kuchezea pedali haraka haraka kunamaliza upepo. Kuweka free (kutoa gia) ili kubana mafuta ni marufuku. Na ukifika chini ngoma zinafuka moshi, usizimwagie maji: chuma cha moto kikikutana na maji ya baridi kinapasuka. Egesha pagumu, weka kabari, ngoja.

Uzito na akseli

Mkaguzi anaweza kukuuliza, na mizani itakuuliza kwa hakika. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini Machi 2019, akseli ya usukani haizidi tani 8, akseli mbili za tairi pacha zilizo pamoja tani 18, na tatu tani 24. Semi ya akseli 6 ina jumla ya tani 50, na kikomo cha gari lolote ni tani 56. Semi ikiwa na uzito wake mtupu wa tani 18, inabakiwa na tani 32. Kwa magunia ya korosho ya kilo 80 ni 400. Lakini wapakiaji wakirundika mbele, akseli za kichwa zitapita 18 hata kama jumla haijafika 50. Dereva ndiye anayesimama pembeni kuwaelekeza, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa kwenye kiti mizani ikisoma. Kumbuka pia mwendo: gari la zaidi ya kilo 3,500 halizidi kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, na 50 ndani yake.

Siku ya mtihani

Alama za barabarani wengi wanazikariri kwa picha, kisha zinawatoka. Anza na umbo: pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza au kuweka kikomo. Ukishika hilo, hata alama uliyoisahau unaweza kuieleza nusu.

Ukiitwa kwenye gari, usipande moja kwa moja. Lizunguke: tairi (gonga za ndani pia, pacha moja ikiwa haina upepo huioni kwa macho), nati za magurudumu, ambazo zikilegea huacha michirizi ya kutu kuzunguka tundu, oili, maji, taa, kizimamoto, pembetatu mbili za kuakisi. Ndani, rekebisha kiti na vioo kabla ya swichi. Barabarani, kwenye kona ya kushoto ingia ukiwa umejitanua kidogo, maana magurudumu ya nyuma ya tela yanakata kona kwa ndani kuliko ya mbele; kabla ya kukata, angalia kioo cha kushoto, kwa sababu bodaboda hupenda kujichomeka hapo hapo.

Wanaotaka kuanza nasi waje na kitambulisho cha NIDA, leseni waliyonayo na viatu vya kufunika vidole. Wiki ya kwanza hutatoka getini. Utakuwa unajaza upepo, unaunga na kukata tela, na kurudi nyuma kati ya mapipa. Ukiweza hayo bila kuambiwa hatua inayofuata, tunatoka barabarani.