Wauza dawa, hiki kidonge cha pumu mtuelezee basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hivi vidonge vya pumu vya jioni, montelukasti, maana huku kwetu famasi wanavitoa kama pipi. Mwanangu ana miaka 9, alikuwa anapuliza inhela ya kahawia, ile ya kinga ya kila siku, asubuhi na jioni kupitia ile chupa ya maji ya nusu lita tuliyoitoboa kitako ili dawa ifike kifuani, na bado ikifika saa nane usiku anakohoa mpaka anakaa kitandani kashika magoti. Daktari akamwongezea kidonge cha kutafuna cha miligramu 5 kila jioni. Kusema ukweli kilisaidia, hata wiki mbili hazijaisha kikohozi kikapungua, na zile chafya zake za asubuhi nazo zikatulia.

Hapo ndo nikakosea. Mtoto kapona, inhela imeisha, bei yake mnaijua wenyewe, nikasema si kidonge kipo? Nilipoenda kununua vingine yule kaka wa famasi hakuniuliza kitu, kaweka kwenye kibahasha cha kaki, kaandika 1x1 jioni, basi. Wiki ya tatu tuko kwenye bajaji saa tisa usiku, mtoto mbavu zinaingia ndani, sentensi moja hawezi kuimaliza, akawekwa nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke. Nesi ndo akanielewesha kwamba kidonge kinazuia kemikali za aina moja tu, lukotraini, zinazobana njia ya hewa na kuleta makohozi, ila kutuliza ule uvimbe wa ndani kazi kubwa inafanywa na steroidi, ile dawa ya kwenye inhela ya kahawia, kwa hiyo kidonge ni cha kuongezea juu yake, sio cha kuchukua nafasi yake. Na ukibanwa ghafla hakikusaidii, hapo ni inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka.

Halafu kuna ndoto. Toka ameanza kile kidonge alikuwa anashtuka usiku analia, mchana hasira za ajabu anamrushia mdogo wake vitu, bibi yake akataka aombewe (na aliombewa, tusidanganyane). Kumbe mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, Machi 2020 waliagiza dawa hii iwekewe onyo lao kali kuliko yote kwa ajili ya mambo hayohayo, ndoto mbaya, hasira, sonona, mpaka mawazo ya kujiua. Nilipomwambia daktari akaisimamisha, akapanga upya dozi ya inhela, na mtoto analala.

Sisemi ipigwe marufuku, jirani yangu anameza ya miligramu 10 mwaka wa pili huu na analala fofofo. Nachotaka yule kaka wa famasi kabla hajafunga kibahasha aulize tu, inhela ya kahawia bado anapuliza? Na usiku analalaje? Dakika moja haiishi.

Mama wa mgonjwa,
Mbagala, Dar es Salaam