Risala ya Wanafunzi wa Sayansi ya Michezo na Mazoezi kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kujumuika nasi katika mahafali haya. Sisi tunaosoma risala hii ni wanafunzi 14 wa mwaka wa mwisho tuliochagua somo la Sayansi ya Michezo na Mazoezi, na tumeona tuitumie nafasi hii kukueleza somo lenyewe ni la namna gani, kwa kuwa wapo wengi, na baadhi yao wameketi humu humu ukumbini, wanaodhani kwamba tuliongezewa vipindi vya kucheza mpira.

Mgeni Rasmi, muda wetu mwingi huishia kwenye daftari. Tunajifunza jinsi msuli unavyopata nguvu: akiba iliyo tayari ndani ya msuli wenyewe humfikisha mkimbiaji wa mbio fupi kwenye sekunde ya 10 hivi, kisha mwili hutegemea zaidi kuvunja sukari bila kusubiri oksijeni, na kadiri mbio zinavyorefuka ndivyo kazi inavyohamia kwenye moyo na mapafu. Moyo huo, mtu akiwa amepumzika, husukuma lita 5 hivi za damu kwa dakika, lakini kwa mwanariadha aliyebobea katika mbio ndefu, akiwa mbioni, unaweza kupita lita 30. Nyenzo za fizikia nazo tunazisoma, ila safari hii egemeo ni kiwiko na jitihada inatoka kwenye msuli wa mkono. Saikolojia ya mashindano na lishe tumezisoma kwa kiasi, na hatuna budi kukiri kwamba lishe ndiyo mada iliyotuletea ubishi mwingi na vipimo vichache.

Mada iliyotukaa zaidi ni ile ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968, iliyofanyika Mexico City, mji ulio mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari. Tulipoulizwa kwa nini wakimbiaji wa mbio ndefu waliteseka kule, karibu sote tulijibu kwamba oksijeni ilikuwa asilimia ndogo zaidi ya hewa. Tulikosea. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, pwani na mlimani. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, ambayo ndiyo huisukuma oksijeni hiyo kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Hewa hiyo hiyo nyepesi haimzuii sana anayekwenda kasi kwa muda mfupi, na hiyo ni sehemu ya sababu, ingawa si sababu yote, ya Mmarekani Bob Beamon kuruka umbali wa mita 8.90. Kipchoge Keino, aliyekulia nyanda za juu, alishinda mita 1,500 kwa kumwacha mpinzani wake, Mmarekani Jim Ryun, mbali. Tangu siku hiyo hatujasikia tena mtangazaji akisema kwamba mwanariadha fulani ana kipaji tu, pasipo kutazamana.

Tuna jambo jingine, la aibu kidogo, ambalo tumekubaliana kulisema. Katika jaribio la utimamu wa mwili la mbio za mita 20 za kwenda na kurudi kwa kufuata mlio, darasa zima lilipata matokeo mazuri kupita yale ya muhula uliotangulia, nasi tukashangilia. Siku mbili baadaye mwenzetu aliyekuwa akikunja tepu ya kupimia aligundua kwamba ncha yake ilikuwa imekatika, na namba ya kwanza kuonekana ilikuwa sentimita 30. Uwanja wetu wa mita 20 ulikuwa wa mita 19 na sentimita 70. Aliyekwenda mara 80 alikuwa amepunguziwa mita 24, yaani zaidi ya safari moja nzima. Tulifuta matokeo yote, tukapanga koni upya na kurudia jaribio juani, na wengi wetu tulishuka. Mwalimu hakutukaripia, alituagiza tuandike ripoti ya kosa lenyewe, na ripoti hiyo ndiyo kazi tunayojivunia kuliko zote.

Mgeni Rasmi, baadhi yetu tulishauriwa na watu wazima tunaowaheshimu tuliache somo hili kwa madai kwamba ni la wasioweza masomo magumu. Hatukulumbana nao. Miongoni mwetu wapo wanaotaka kusomea fiziotherapia, ualimu, ukocha na utafiti wa afya, na mmoja anataka kutengeneza miguu bandia ya wakimbiaji.

Pamoja na hayo, tunakabiliwa na upungufu wa vifaa. Tepu bado ni ile ile, na sasa tunaanzia kwenye alama ya mita 1. Mapigo ya moyo tunayahesabu kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, njia inayofaa mtu akiwa ametulia lakini inayotupotosha anapohema. Kinachotusumbua zaidi ni huduma ya kwanza. Kanuni inataka kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama kibonyezwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Sisi tunafanyia mazoezi kwenye mto wa kulalia. Kasi tumeimudu kwa kuhesabu kwa sauti. Kina hatukijui, kwa maana mto haurudishi nguvu kama kifua cha mtu.

Hivyo tunakuomba, kwa unyenyekevu, utusaidie kupata sanamu moja ya kufundishia huduma ya kwanza, mikanda michache ya kupimia mapigo ya moyo, na tepu ya chuma. Sisi tunaondoka na hatutavitumia. Wapo wadogo zetu 22 watakaoanza somo hili muhula ujao, na tungependa wasianzie kwenye mto.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Sayansi ya Michezo na Mazoezi, mwaka wa mwisho.