Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: 0.0592 imetoka wapi?

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mtumba, Dodoma.

Nafundisha kemia Kidato cha Tano na cha Sita hapa Dodoma. Ofisini kwetu tuna ubishi usioisha, nami nauleta kwako kwa kuwa mtaala uko chini ya wizara yako: mwanafunzi aonyeshe mlinganyo wa Nernst (ule wa kukokotoa volti ya seli ya umeme, yaani betri) unavyopatikana, au inatosha aukariri na kuweka namba?

Mimi nasema aonyeshe.

Waulize wanafunzi volti ya seli inakokotolewaje, watakujibu haraka: 0.0592 gawanya kwa n (idadi ya elektroni zinazohama), zidisha kwa logi ya Q (uwiano wa ukolezi wa mazao na vitendanishi), toa kwenye E° (volti sanifu ya seli). Sasa waulize 0.0592 imetoka wapi. Kimya. Namba hiyo ni 2.303RT/F (R ni konstanti ya gesi, F ya Faraday, T ni joto), na T yake ni kelvini 298, yaani nyuzi 25. Asubuhi ya Julai, maabara ikiwa na nyuzi 15 (baridi ya Dodoma unaijua), inayotakiwa ni 0.0572. Aliyekariri hana habari.

Na kazi yenyewe ni mistari michache. Kazi ya umeme ni chaji mara volti, kwa hiyo badiliko la nishati huru ni ΔG = −nFE, na ΔG° vivyo hivyo. Ziingize kwenye ΔG = ΔG° + RT ln Q, gawanya kwa −nF, umemaliza. Kalkulasi (calculus) haimo, hivyo hata mwanafunzi wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) hana kisingizio. Halafu mwambie aweke E = 0. Hapo betri imekufa na Q imekuwa K, konstanti ya msawazo. Kwa seli ya Daniell, ile ya zinki na shaba, yenye volti 1.10 na n = 2, K inafika karibu 10³⁷. Wapo wanaodhani betri ikifa ni E° iliyoshuka. Wala haijaguswa!

Wenzangu wanalalamikia muda. Hilo silikubali, vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Wanasema pia kwamba kisichotoka kwenye mtihani hakisomwi, na hapo wamenibana. Sitaki tuwatwishe vijana mlinganyo wa Butler–Volmer, ule wa kasi ya mmenyuko kwenye elektrodi. Huo wakaukute UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Naomba Taasisi ya Elimu iandike wazi kwenye muhtasari kwamba wa Nernst mwanafunzi auonyeshe unavyopatikana, Baraza la Mitihani liutengee maksi tatu tu, na swali la hesabu litaje joto lisilo nyuzi 25.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa kemia, Dodoma