Wanangu, neno "jikaze" nimelichoka

Wanangu,

Barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana, kwa sababu ilikuwa inatoka matusi matupu. Hii ya tatu nimeipoza kidogo. Ikiwachoma mahali, vumilieni, mimi ni shangazi yenu.

Juzi nilikatiza kwenye bustani ya umma saa nne asubuhi, siku ya kazi, nikamkuta mmoja wenu amekaa kwenye benchi. Shati limenyooka, viatu vimepigwa rangi vinang'aa, begi la kompyuta kalipakata kama mtoto mchanga. Aliponiona alishtuka, akasimama, "Shikamoo shangazi," kisha akatazama saa kama mtu anayewahi kikao. Katika kuhangaika begi likamponyoka, likaanguka chini bila kishindo. Ndani mlikuwa na gazeti la zamani na chaja ya simu. Basi.

Kazi aliachishwa miezi mitatu nyuma. Kila asubuhi anaoga, anavaa, anamuaga mkewe, anakuja kukaa pale mpaka jioni. Miezi mitatu! (Kanipa ruhusa nisimulie, jina lake linabaki kwangu.) Nikaanza kufoka: kwa nini hukumwambia mtu yeyote, sisi ni wa nini? Akaniacha nimalize. Halafu akasema taratibu, "Nilianza kukuambia wewe, shangazi. Kwenye simu. Ukaniambia nijikaze."

Na kweli nilimwambia. Nakumbuka hata nilivyokuwa, simu nimeibana begani, mikono imejaa povu la sabuni. Alisema, "Kazini mambo si mazuri," nami nikajibu, "Jikaze mwanangu, ndio uanaume huo," nikakata simu nikamalizie vyombo. Kwa hiyo hasira mnayoisoma humu, nusu yake ninajikasirikia mwenyewe.

Nimekuwa muuguzi miaka 33. Mtu akiletwa kavunjika mguu hatumwambii ajikaze. Mfupa unanyooshwa, unafungwa hogo, unasubiriwa wiki kadhaa. Lakini hogo nalo halikai milele. Siku ya kulifungua unakuta msuli umenywea, mguu mmoja umekuwa mwembamba kuliko mwenzake, na mwenyewe anauangalia kana kwamba si wake. Ndipo yanaanza mazoezi: magongo, kukanyaga kidogo, kupumzika, kukanyaga tena, na mtu pembeni wa kumdaka. Ustahimilivu ninaoujua mimi ndio huo. Kinachoitwa kujikaza ni kuutembelea mguu uliovunjika ili majirani wasijue, halafu unaunga umepinda.

Na huyo mtu wa pembeni ndiye hasa aliyenikalisha kuandika. Kwenye kisiwa cha Kauai, kule Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu uchanga mpaka wakawa watu wazima. Baadhi yao walikulia kwenye shida za kila namna: ufukara, ugomvi wa nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Ungesema hao wote wamekwisha. Lakini karibu theluthi moja ya watoto hao wa mazingira magumu walikua vizuri, wakajitegemea, wakalea familia zao. Sababu zilikuwa kadhaa, na tabia ya mtoto mwenyewe ilichangia. Ila jambo lililojitokeza tena na tena ni kwamba watoto hao walikuwa na walau mtu mzima mmoja wa kumtegemea. Pengine bibi, pengine mwalimu, pengine jirani. Si lazima wawe kumi.

Sasa niambie wewe, wako ni nani? Simuulizii wa kupiga naye picha. Namuulizia yule unayeweza kumpigia na kumwambia "nimefukuzwa kazi" kabla hujafuta machozi na kutafuta maneno mazuri. Kama hayupo, usingoje msiba ndipo uanze kumtafuta. Na hatafutwi kwa kukaa mkao wa kutokuwa na shida. Anza kuomba vitu vidogo: nishikie mtoto nusu saa, nisindikize hospitali, nisomee barua hii ya maombi uniambie imekaaje. Mnaogopa kusumbua watu, najua. Lakini asiyewahi kuomba hata kusindikizwa, siku ya jambo zito ulimi utamnyanyukia wapi? Na wewe unayepigiwa, acha vyombo. Kausha mikono, kaa chini, uliza, "Si mazuri kivipi?"

Mengine nayataja mbiombio, mnayajua mnayapuuza tu. Laleni: mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi kila usiku, nanyi mkiulizwa mnataja nne kwa majivuno. Tembeeni kila siku. Wekeni akiba hata ikiwa ya kuchekesha. Pombe haiondoi mawazo, inayasogeza tu mpaka saa tisa usiku, yanakuja na kiu juu. Na andikeni. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo: dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, waandike jambo zito lililowapata. Wakati wa kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini miezi iliyofuata walioandika tukio pamoja na walivyolihisi walikwenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika habari za kawaida tu. Kwa hiyo ukilia juu ya karatasi usidhani umekosea.

Moja si la mbiombio. Ukipita wiki mbili hulali, huli, hakuna kinachokupa raha, nenda hospitali. Likikujia wazo la kujiondoa duniani, mwambie mtu na uende siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Huo ni ugonjwa, na una matibabu.

Na nyinyi wakubwa wa maofisini mnaochungulia barua isiyo yenu, msidhani mmepona. Mtu anabebeshwa kazi ya watu watatu, akianza kuyumba anaitiwa semina ya ustahimilivu. Nimekaa kwenye semina hizo. Tulikuwa wauguzi wawili zamu ya usiku, wodi imejaa mpaka wagonjwa wengine wako chini, uongozi ukatuletea mtaalamu atufundishe kuvuta pumzi. Pumzi tulikuwa nazo. Aliyekosekana alikuwa muuguzi wa tatu. Yako mambo ya kustahimili na yako ya kukataa, na vijana hamjafundishwa kuyatofautisha kwa sababu sisi wazee tulikuwa tunawasifu wale wasiosema.

Nirudi kwako, mwanangu wa benchi. Nimefurahi umemwambia mkeo. Kaniambia kilichomuuma si kazi. Ni zile jioni zote alizokuuliza "kazini kulikuwaje?" nawe ukajibu "salama". Mpe muda, ana haki ya kununa.

Alhamisi asubuhi nitakuja tukae tuandike hizo barua za maombi. Viatu usivipige rangi, na begi liache nyumbani.

Shangazi yenu