Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mazingira: kiwanda kilikuwa kikifanya nini saa ile ya kipimo?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: RIPOTI ZA VIPIMO VYA MOSHI WA VIWANDA

Kila ripoti ya kipimo cha moshi inayofika mezani kwako ina ukurasa mmoja unaofunguliwa kabla ya mingine yote: ule wenye jedwali, kiwango kinachoruhusiwa upande huu na kiwango kilichopimwa upande wa pili. Kilichopimwa kikiwa chini, faili linafungwa. Nakuandikia kuhusu kurasa zinazobaki, hasa zile zinazoeleza kiwanda kilikuwa kikizalisha kiasi gani wakati sisi wapimaji tuko juu ya bomba. Kurasa hizo husomwa haraka haraka, na wananchi hawaonyeshwi kabisa.

Naijua kazi hii kwa kuifanya. Kupima vumbi la bomba la moshi si suala la kuingiza kifaa na kusubiri namba. Kwanza hutafutwa sehemu ya bomba iliyonyooka. Kinachotakiwa ni umbali wa vipenyo 8 vya bomba baada ya kona ya mwisho, na vipenyo 2 kabla ya kona inayofuata au mdomo wa bomba, kwa sababu karibu na kona moshi huzunguka na vumbi halisambai sawasawa. Eneo la ndani hugawanywa katika vipande vyenye ukubwa sawa, na mrija wa kuvutia sampuli huhamishwa kutoka kipande kimoja hadi kingine. Muda wote huo pampu lazima ivute moshi kwa kasi ileile ambayo moshi wenyewe unapita.

Sharti hilo la kasi ndilo roho ya kipimo. Pampu ikivuta kwa nguvu mno, hewa ya pembeni inageuka na kuingia mrijani, lakini punje nzito za vumbi hazigeuki upesi namna hiyo. Zinanyoosha moja kwa moja na kupita nje ya mdomo wa mrija. Namba inatoka ndogo kuliko hali halisi. Pampu ikivuta polepole, namba inatoka kubwa. Ndiyo maana utaratibu wa Marekani unaojulikana kama Mbinu ya 5 unakubali sampuli ikiwa tu kasi hizo mbili zimelingana kwa kati ya asilimia 90 na 110. Vumbi hunaswa kwenye kichujio kilichopashwa joto la nyuzi 120 hivi ili unyevu usigande juu yake, na mrija wenyewe huoshwa kwa asetoni baadaye, maana vumbi lililoganda humo nalo ni sehemu ya sampuli. Kisha maabara inapima uzito. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa mara tatu, mara nyingi saa moja kila mara, na wastani wake ndio unaoingia kwenye jedwali lako.

Haya yote yakifanywa kwa uaminifu, namba ni ya kweli. Lakini ni ya kweli kwa saa zile tatu. Mwaka una saa 8,760. Kibali mnachokitoa kinazihusu zote, kwa hiyo swali la kwanza la msomaji wa ripoti lingepaswa kuwa: je, saa hizi tatu zinafanana na zile nyingine? Tanuri liliendeshwa kwa uwezo gani? Liliunguza nini? Mifuko ya kuchuja vumbi ilibadilishwa lini?

Huko Marekani, kanuni za viwanda vipya humtaka mwenye kiwanda atoe taarifa angalau siku 30 kabla ya kipimo. Lengo lake ni jema: msimamizi apate nafasi ya kumtuma mtu wa kushuhudia. Ila msimamizi asipotuma mtu, taarifa hiyo inabaki kuwa faida ya upande mmoja. Mwezi mzima unatosha kuweka mifuko mipya, kununua mafuta safi zaidi na kupanga uzalishaji mdogo siku hiyo. Hakuna aliyedanganya, na bado jedwali halisemi lolote kuhusu moshi wa wiki inayofuata. Mwaka 2015 dunia nzima ilishuhudia jambo la jinsi hii kwa magari ya Volkswagen, ambayo programu yake ilitambua kuwa gari liko kwenye kipimo na kupunguza uchafu kwa muda huo tu.

Kuna pia suala la oksijeni, ambalo naomba wakaguzi wako walizingatie kuliko linavyozingatiwa sasa. Moshi uliochanganywa na hewa nyingi huonekana safi, ingawa vumbi linalotoka ni lilelile. Kwa hiyo namba hurekebishwa ilingane na kiwango maalumu cha oksijeni. Kwa matanuri ya kuchomea taka barani Ulaya, kwa kawaida ni asilimia 11. Tuseme kikomo ni miligramu 50 kwa mita moja ya ujazo, na kipimo kimetoa 40. Kinaonekana kimefaulu. Lakini kama oksijeni bombani ilikuwa asilimia 16, marekebisho yanaifanya 40 hiyo kuwa 80. Ripoti isiyoonyesha oksijeni iliyopimwa ingepaswa kurudishwa siku hiyohiyo, hata kama jedwali lake linapendeza.

Nitaambiwa suluhisho ni mitambo inayopima moshi saa zote. Naiunga mkono, ila mitambo mingi ya vumbi husoma mwanga unaopita kwenye moshi, haisomi uzito. Lazima ilinganishwe na kipimo cha mkono ndipo namba zake ziwe na maana. Kiwango cha Ulaya cha EN 14181 kinadai ulinganisho usiopungua mara 15 na uhakiki wa kila mwaka. Tunarudi palepale bombani.

Ninachoomba, Ndugu Mkurugenzi, ni hiki. Msipokee ripoti isiyo na kumbukumbu ya kila saa ya uzalishaji, mafuta yaliyotumika, na presha na joto la vichujio. Kisha hali hiyo ya siku ya kipimo muiandike ndani ya kibali iwe kikomo: kiwanda kilichofaulu kikiendeshwa kwa asilimia 60 ya uwezo wake kisiruhusiwe kuzidisha hapo mpaka kipimwe tena. Kila kiwanda kiwe na matundu, ngazi na jukwaa la kudumu, pamoja na umeme, ili timu iweze kufika bila taarifa na kuanza kazi asubuhi hiyohiyo; visingizio vingi vya kuahirisha huanzia kwenye jukwaa ambalo halipo.

La malipo ni gumu zaidi kwangu kulisema, kwa kuwa ndilo linalonilisha. Mpimaji huajiriwa na kiwanda anachokipima, na kiwanda hichohicho ndicho kitakachoamua kama mwakani kitamwita tena. Wengi wetu tunafanya kazi kwa haki, lakini hakuna anayepaswa kupimwa kwa majaribu ya namna hiyo kila mwaka. Ada ilipwe kwenu, nanyi mchague mpimaji.

Na ripoti ziwekwe hadharani zikiwa kamili, pamoja na karatasi za kumbukumbu tunazojaza kule juu kwa mkono. Zilizoko makabatini tayari zinaweza kupigwa skani na kuwekwa kwenye tovuti yenu kabla mwaka haujaisha.

Wako katika kazi,
Mpimaji wa moshi wa viwandani