Nafula, kuhusu wale wa nyota nyingine

Gilgil,
Kaunti ya Nakuru.

Mwanangu Nafula, mama yangu,

Natumai u buheri wa afya na kwamba joto la Kisumu umelizoea. Sisi huku hatujambo. Kukhu, nyanya yako na wajina wako, ameingia kutoka Busia na omena na maneno mengi, na amesema uambiwe kwamba anakuombea.

Sasa mjadala wenu. Umeandika kwamba mada ni "Kuna viumbe wenye akili kwingineko ulimwenguni", kwamba umepangwa upande wa kupinga, na kwamba unaona umepewa upande wa kushindwa kwa sababu nyota ni nyingi mno. Halafu kule chini, kwa mwandiko mdogo, ukaniuliza mimi mwenyewe naamini nini. Nitaanza na hilo la mwandiko mdogo, kwa kuwa la mjadala litajibika humo humo.

Naamini uhai upo kwingi. Naamini akili ni haba. Na wenye akili ambao tunaweza kupigiana nao hodi, yaani wapo sasa hivi, wako karibu na wana redio, sidhani kama tunao hata mmoja. Hayo ni maswali matatu, Nafula, na karibu kila anayebishana juu ya jambo hili huyafunga kitita kimoja. Ukiyafungua utaona upande wako si dhaifu hata kidogo.

Wenzako wataanza na wingi wa nyota, na hapo usibishane nao. Galaksi yetu ina nyota bilioni 100 kwa uchache, na kuna makadirio yanayofika bilioni 400. Nilipokuwa darasani sisi tulifundishwa sayari tisa, basi. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi wakatangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi, nyota ya aina ya Jua letu, kazi iliyowapa Nobeli mwaka 2019. Kufikia 2025 sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa Jua letu zilikuwa zimepita 6,000, na hizo ni za ujirani wetu tu. Makazi yapo. Swali ni wakaaji.

Kuna hesabu moja unayopaswa kuijua vizuri. Mwaka 1960 kijana wa Kimarekani, Frank Drake, alielekeza darubini ya redio yenye sahani ya upana wa mita 26, kule Green Bank, West Virginia, kwenye nyota mbili za jirani, Tau Ceti na Epsilon Eridani, akasikiliza. Kimya. Mwaka uliofuata waliitana hapo hapo wanasayansi wachache, na Drake akaandika mlinganyo wa kuongoza mazungumzo yao. Unazidisha vitu saba: nyota ngapi huzaliwa kwa mwaka katika galaksi yetu, sehemu gani ya nyota hizo ina sayari, sayari ngapi kwa kila nyota zinafaa kwa uhai, ni katika ngapi kati ya hizo uhai huanza kweli, ni wapi uhai huo hufikia akili, ni wapi akili hiyo hufikia kutuma ishara, na mwisho, wenye kutuma ishara hudumu miaka mingapi. Viwili vya kwanza siku hizi tunavijua, cha tatu tunakikadiria. Vinne vya mwisho hakuna ajuaye, maana mfano tulionao ni mmoja, sisi.

Weka moja kwa kumi katika kila hatua ya uhai, akili na ishara, wape miaka milioni moja ya kudumu, na utapata majirani kwa mamia. Ibadilishe hatua moja tu iwe moja kwa milioni, wote wanatoweka tunabaki peke yetu. Kwa hiyo mtu akisimama na kusema nyota ni bilioni 100, lazima wawepo, muulize kwa upole: hizo bilioni 100 umezizidisha na nini?

Mbona basi naamini uhai upo kwingi? Kwa sababu ya ziwa letu. Maji ya Ziwa Nakuru ni ya magadi. Ukichovya mkono ukauacha ukauke, unabaki na utando mweupe na ngozi inakaza. Samaki wengi wangekufa mle. Lakini bakteria wa kijani huzaliana humo hadi maji yanabadilika rangi, na ni hao walioleta flamingo. Kule Bogoria chemchemi zinachemka, na ndani ya maji yale ya moto bakteria wanaendelea na maisha yao.

Sasa nenda hadi Enceladus, mwezi mmoja wa Zohali. Chombo Cassini, kilichomaliza kazi yake 2017, kilipita katikati ya mivuke na chembe za barafu zinazofoka kutoka nyufa za ncha yake ya kusini. Chini ya barafu ile kuna bahari, na chembe zilizopimwa zina chumvi na kaboneti ya sodiamu, yaani magadi. Mwaka 2023 watafiti wakatangaza kwamba vipimo vile vile vinaonyesha pia fosfeti, mojawapo ya vitu ambavyo seli haiwezi kuishi bila navyo. Bahari ya magadi, mama, zaidi ya kilomita bilioni moja kutoka hapa! Sisemi kuna kitu kinachoishi mle. Nasema mtu aliyekulia Nakuru hawezi kuambiwa kwamba maji ya magadi hayafai kwa uhai akakubali.

Akili ni jambo jingine. Chukua barabara unayopita ukienda shule, Nakuru hadi Kisumu, kama kilomita 180, uifanye kuwa umri wa Dunia, miaka bilioni 4.5. Kila mita ni miaka 25,000. Dunia inazaliwa stendi ya Nakuru. Kabla hujafika Mau Summit uhai upo tayari. Mabaki yake ya miaka bilioni 3.5 yamepatikana kwenye miamba ya magharibi mwa Australia. Uhai umeanza mapema, na hilo linanipa moyo kwamba pengine kuanza si kazi ngumu. Lakini endelea kutazama dirishani. Londiani, bado ni vijidudu vya seli moja visivyo na kiini. Unaingia kwenye majani chai ya Kericho, na ni maeneo hayo ndipo seli zenye kiini zinaanza kuonekana, za aina ambayo wewe, mimi na mmea wa mahindi shambani tumejengwa kwayo. Kwa kadiri tunavyojua, jambo hilo lilifaulu mara moja tu katika safari nzima. Unateremka, joto linapanda, miwa inaanza. Wanyama wa kwanza unawakuta Ahero. Ahero, ambapo abiria wanaanza kupanga mizigo! Dinosaria wanatoweka zikiwa zimebaki kilomita mbili na nusu. Binadamu wa aina yetu, mwenye miaka kama 300,000, anachukua mita 12 za mwisho, gari likiegeshwa. Na redio ni milimita tano.

Hiyo ndiyo hoja yako kubwa. Kama uhai ungekuwa na haraka ya kupata akili, usingengoja mpaka stendi ya Kisumu. Pengine tulichelewa kwa bahati tu, na kwingineko mambo huenda mbio. Lakini anayedai hivyo ndiye wa kuleta ushahidi.

Watakujibu kwamba akili imezuka zaidi ya mara moja: kunguru, pomboo, pweza. Ni jibu zuri, hasa pweza, kwa kuwa ukoo wake na wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kubali. Halafu wapeleke Kariandusi.

Umeliona lile eneo ukiwa mdogo na nadhani ulikuwa unataka soda zaidi ya historia, kwa hiyo nikukumbushe. Louis Leakey alianza kuchimba pale mwishoni mwa miaka ya 1920. Shoka za mkono zimelala chini kwa wingi, nyingine za mawe ya kawaida ya volkano, nyingine za obsidiani nyeusi inayong'aa. Itazame moja kwa karibu. Upande mmoja umebanduliwa vipande kwa kugongwa, kisha jiwe likageuzwa, upande wa pili ukabanduliwa vivyo hivyo, hadi kingo zote mbili zikalingana na kukutana kwenye ncha. Aliyechonga alilijua umbo kabla hajapiga pigo la kwanza. Zina karibu miaka milioni moja. Na shoka za namna hiyo zilizo miongoni mwa kongwe zaidi zinazojulikana, zilizopatikana Kokiselei upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, zina miaka milioni 1.76. Kati ya fundi wa kule na fundi wa hapa imepita miaka laki saba na zaidi, na umbo ni lile lile.

Hao walikuwa na akili, Nafula. Sitakubali mtu awaite wajinga. Walichagua jiwe, walifundishana, walilea watoto kando ya ziwa lenye fisi na viboko. Lakini kama Drake wa sayari nyingine angeelekeza sahani yake kwetu muda huo wote, angesikia kile alichosikia Drake wetu. Kwa hiyo kimya cha nyota hakithibitishi kwamba hakuna mwenye akili. Kinaonyesha tu kwamba akili si tikiti ya kufikia redio. Hoja hii inakata pande zote mbili, na nakuomba uitumie hivyo hivyo, bila kuificha nusu yake.

Jirani na mashoka hayo kuna machimbo ya udongo mweupe. Ule udongo ni magamba ya diatomu, viumbe vya seli moja vilivyoelea katika ziwa la kale na kuzama chini vilipokufa. Unaokota bonge, ni jepesi ajabu, linakuachia vumbi vidoleni, na mkononi una mamilioni ya viumbe. Tabaka juu ya tabaka la hao, na pembeni shoka chache. Nikiambiwa nikisie ulimwengu ukoje, nitakisia hivyo.

Kuna na swali la mwanafizikia Enrico Fermi, aliyewauliza wenzake wakila chakula cha mchana kule Los Alamos mwaka 1950: wako wapi? Galaksi yetu ina upana wa takriban miaka ya nuru 100,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Hata kwa mwendo wa asilimia moja tu ya mwendo wa nuru, kuivuka ni miaka milioni 10, na galaksi yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10. Mtu mwenye nia angekuwa amefika. Mimi naliona swali hili kuwa zito, ila si zito kama wanavyolifanya, kwa sababu anga ni pana kwa namna ambayo inatesa. Chombo cha anga Voyager 1 kiliondoka 1977 kikiwa na santuri ya dhahabu yenye salamu za lugha 55, mojawapo Kiganda, lugha ambayo Kukhu aliifanyia biashara mpakani miaka na miaka. Nilipomwambia alinyamaza, kisha akauliza kama wamesalimia vizuri. Kwa mwendo wa chombo kile, umbali wa kufika nyota ya karibu kabisa, Proxima Centauri, ni zaidi ya miaka 70,000.

Mambo mengine nitayapita haraka. Akileta mtu video za vyombo vya ajabu angani, mwambie jopo lililoundwa na NASA lilitoa ripoti yake 2023 na halikupata ushahidi kwamba vitu hivyo vimetoka sayari nyingine. Wakitaja ile ishara ya redio ya Ohio ya Agosti 1977, ni kweli ilikuwa na nguvu na ilisikika kwa sekunde 72, lakini haijawahi kusikika tena. Na wakitaja sayari K2-18b, yenye umbali wa miaka ya nuru kama 124, sikiliza kwa makini: mwaka 2025 kundi la Cambridge lilisema limeona dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa na viumbe wadogo wa baharini. Wataalamu wengine walizichambua data zile zile wakasema dalili hazitoshi. Hata ikithibitika, ni habari ya diatomu, si ya shoka.

Na yule rafiki yako wa kikundi cha maombi aliyekwambia kwamba kuwaza haya ni kufuru, usigombane naye, ni mtoto mwema. Mwambie padri José Gabriel Funes, akiwa mkuu wa kituo cha anga cha Vatikani mwaka 2008, alisema kuamini kwamba viumbe kama hao wanaweza kuwepo hakupingani na imani. Sisi si Wakatoliki, lakini hapo nakubaliana naye kabisa. Mungu hakutupa idadi ya viumbe vyake.

Andika hoja zako ukurasa mmoja tu, uzisome kwa sauti bwenini kabla ya siku yenyewe. Usiseme "hawapo". Sema "hamjatuonyesha", kisha uwapitishe kwenye barabara. Likizo ya Agosti tutakwenda Kariandusi pamoja, na Kukhu amesema naye anataka kwenda. Chombo Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2030 kuchunguza bahari iliyo chini ya barafu ya mwezi wake, Europa. Utakuwa chuo kikuu wakati huo, Mungu akipenda, na ningetamani uwe miongoni mwa wanaoweza kuzisoma data hizo wenyewe bila kungoja kusimuliwa.

Nimetuma pesa za matumizi kwa mwalimu mlezi. Toa humo ununue neti mpya, maana ulisema ya zamani imetoboka, na mbu wa huko si wa mchezo. Niandikie mara tu matokeo ya mjadala yatakapotoka.

Ni mimi, baba yako anayekupenda.