Yah: Malalamiko kuhusu taa za breki na indiketa za gari yangu, na nilivyodharauliwa kaunta

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima ila nimekasirika sana, nimejizuia siku tatu nzima nisiandike maana ningeandika siku ileile yangetoka maneno mengine. Mimi ndio mwenye ile Ford Mustang ya 1966, mnaijua, ilikaa gereji kwenu zaidi ya wiki mbili. Masharti ya dhamana mnayajua, yako nyuma ya risiti yenu wenyewe, sina haja ya kuyarudia hapa.

Tatizo nililieleza vizuri na msimamizi wenu akaandika. Nikikanyaga breki taa ya nyuma kulia haiwaki, ya kushoto inawaka. Nikiweka indiketa ya kulia, kule nyuma hakuna mwanga wa maana, halafu taa ndogo ya kushoto nayo inachezacheza hafifu kuifuata. Nikasema palepale, jamani angalieni ethi kwanza, yaani pale taa inaposhikana na bodi ya gari ili umeme urudi, kabla hamjafungua kitu. Nikajibiwa "tuachie kazi yetu mama". Nikawaachia.

Mkabadilisha balbu, bado. Mkabadilisha flasha, kile kidude kinachofanya indiketa ipige, bado. Mkafungua usukani mkatoa swichi ya indiketa, ile orijino iliyotoka na gari kiwandani, mkaweka mpya, na bado. Naelewa kwa nini mliishuku, kwenye gari hii umeme wa breki unapita kwanza kwenye swichi ya indiketa ndio uende nyuma, na uzi mmoja ndani ya balbu ndio unaowaka kwa breki na kwa indiketa, kwa hiyo swichi ikiisha breki ya upande mmoja inaweza kufa. Sawa. Lakini swichi inapimwa kabla ya kutolewa! Mtu mmoja anakanyaga breki, mwingine anagusa na tasta ya kupimia umeme pale soketi ya balbu, umeme ukiwa unafika basi swichi ni nzima, unahamia kwenye ethi. Ni kazi ya dakika mbili. Nyie mmeninunulisha vitu vitatu.

Halafu mkaniwekea balbu za LED bila hata kuniuliza. Flasha ya gari hii ni ile ya kizamani inayofanya kazi kwa joto, inataka balbu zinazokula umeme wa kutosha, LED zinakula kidogo sana, matokeo yake indiketa ikiwaka inaganda hivyohivyo, haipigi, hadi ya kushoto ambayo nilileta ikiwa nzima.

Sasa Jumamosi nimerudi. Nimesimama kaunta na binti yangu, nimemwambia msimamizi kwa upole kabisa naomba tutoke nje wote, mimi nikanyage breki yeye aangalie. Hakuinuka. Aliusukuma ufunguo wangu juu ya kaunta mpaka ukaanguka chini upande wangu, akasema kwa sauti wateja wote wakasikia, "gari hii ishakufa mama, peleka skrepa." Mtoto wangu ndiye aliyeinama kuokota ufunguo.

Na sijawaambia ya Ijumaa. Ijumaa ndio mlinikabidhi gari mkasema imepona, nikasaini, nikaondoka. Kwenye makutano nimefunga breki, lori la nyuma yangu halikuona kitu upande wa kulia, dereva akapiga honi akakwepa, nikasikia upepo wake kwenye kioo. Nilitetemeka mpaka nyumbani. Gari hiyo ni ya marehemu baba, aliitunza kwa mikono yake, na nilikuwa nimempakia mwanangu kiti cha nyuma. Taa ya breki si pambo. Hicho ndicho nilichokuja kusema Jumamosi, nikakutana na yale.

Maana narudia, meneja, uelewe vizuri. Nilikuja kuwaambia nimenusurika kugongwa na lori. Nimesema "naomba", nimesema "tafadhali". Mtu wenu amekaa kwenye kiti, simu mkononi, hakuniangalia usoni, ufunguo wa gari ya baba yangu kausukuma kwa kidole kimoja kama takataka ukaanguka sakafuni, "peleka skrepa", halafu akageuka akamwambia mteja aliye nyuma yangu "karibu kaka". Hakuna hata mmoja wenu aliyesema pole. Mtoto ameniuliza njia nzima, mama kwani gari ya babu ni mbaya?

Jumapili fundi mwingine alifungua buti akatoa taa ya kulia. Pale inapofungwa kwenye bodi palikuwa na kutu na rangi, ethi haishiki. Akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akavuta waya mmoja wa ethi akaukaza na skrubu, akarudisha balbu za kawaida. Breki zikawaka zote mbili, indiketa zikapiga. Hakununua kitu hata kimoja.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nataka nirudishiwe hela ya ufundi tu. Sasa hapana. Nataka hela ya ufundi, ya swichi, ya flasha na ya balbu zote. Nataka swichi yangu ya orijino, mliitoa nikiwa sipo na hamkunipa, na msiniambie imetupwa. Nataka msimamizi yule aniombe radhi kwa maandishi, kwa jina lake, na amtaje binti yangu humo ndani.

Nilitaka kuwapa siku 14, nawapa 7. Siku ya 8 barua hii pamoja na risiti zenu na picha za ile kutu vinaenda kwa wakili na kwa wanaosimamia haki za wateja, na hapo nitadai na ya Ijumaa, kukabidhi gari isiyo na taa ya breki ya kulia mkasema imepona.

Swichi ianze kuja kwanza.

Mteja wenu,
Mwenye Mustang ya 1966